Mti Gani, Wapi, na Lini?

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa na namna ya kuyatunza nyumbani. Mwezi huu tunatoka nje ya mlango na kwenda uani, chini ya mti, kama mti upo. Tunataka kuzungumza juu ya miti ya mji wetu wa Dodoma, juu ya makosa tuliyoyafanya sisi wenyewe, na juu ya barua ambayo kikundi chetu cha akina mama kimeipeleka ofisi ya kata. Nanyi mnaotusoma mkiwa Tanga, Kigoma, Kisumu au Bujumbura, msiufunge ukurasa huu. Miti ya kwenu ni mingine, lakini swali ni lile lile.

Kosa la kwanza: tarehe

Mwaka 2017 kikundi chetu kilichanga fedha, tukanunua miche 180. Tulikuwa na kiwanja kipya cha kanisa, kikavu, cheupe kwa vumbi. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakijifunza wakiwa wamekaa juani, na wazee walikuwa wakitoka ibadani wakitafuta kivuli cha ukuta. Tukasema: miti.

Tulichagua tarehe 1 Aprili kwa sababu ndiyo Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na mwaka ule iliangukia Jumamosi. Tulivaa kanga za umoja wetu, mchungaji akaomba, watoto wakashika miche, nasi tukashika majembe. Ilikuwa siku ya furaha kweli. Tulirudi nyumbani tumechoka, lakini mioyo yetu ilikuwa imejaa.

Ilipofika Septemba tulihesabu. Miche iliyokuwa hai ilikuwa kumi na mmoja.

Wengine wetu walisema ni mbuzi, wengine wakasema ni mchwa, na mmoja akasema ni husuda ya watu. Mbuzi na mchwa walikuwepo, hatukatai. Lakini sababu kubwa ilikuwa wazi kwa yeyote anayeijua Dodoma. Mji huu una msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka mzima mvua yote kwa kawaida haifiki milimita 600. Baada ya hapo ni ukavu wa miezi saba, mara nyingine minane. Mwenzetu wa Tanga au Dar es Salaam akipanda tarehe 1 Aprili, masika ndiyo kwanza inaingia, na mche wake unapata maji ya mbinguni hadi Mei. Sisi tulipanda mvua ikiwa inaaga mlangoni. Tuliwachukua watoto wachanga tukawaweka jangwani, kisha tukamlaumu mbuzi.

Desemba ya mwaka ule ule, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, alizindua huko Mzakwe kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani. Tuliposikia habari hiyo tulitazamana. Desemba! Tarehe ya nchi nzima ni nzuri kwa kuwakumbusha watu, lakini mche haujui tarehe. Mche unajua mvua ya mahali ulipo.

Kosa la pili: ua

Tulianza upya Desemba hiyo, kwa miche arobaini tu. Safari hii tuliogopa mbuzi, tukatafuta ua wa kuwazuia. Mtu mmoja mwenye nia njema alitushauri tupande mbono kaburi. Ushauri wenyewe ulikuwa na maana. Mbuzi hali mbono. Unakata kipande cha tawi, unachomeka ardhini, kinashika. Hauhitaji maji mengi, na wala haugharimu chochote. Ua ule ulistawi kuliko kitu kingine chochote kiwanjani, nasi tulijipongeza.

Mwaka 2021, siku moja jioni, akina mama walikuwa katika mazoezi ya kwaya. Watoto walikuwa wakicheza nje. Wakavunja matunda ya mbono, wakatoa mbegu nyeusi zilizomo ndani, wakamenya, wakala. Mbegu hizo zina ladha tamu kama karanga, na mtoto hana sababu ya kuzitema. Kabla ya wimbo wa tatu kwisha, watoto wanne walikuwa wakitapika. Mmoja wao, mvulana wa miaka mitano, alitapika na kuharisha hadi macho yakaingia ndani na ngozi ya tumbo ikawa haitaki kurudi ukiifinya. Ninyi mliolea watoto mnajua dalili hiyo. Tulimpakata hadi hospitali, akatundikiwa dripu, na siku ya tatu, kwa neema ya Mungu, alirudi nyumbani akiomba uji.

Mama yake ni mwenzetu katika kikundi. Alichomeka vipande vya mbono pamoja nasi, bega kwa bega. Kule wodini alituuliza swali moja: “Hivi, hamkujua?” Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana lilituchoma zaidi. Sisi tumesomea uuguzi. Stashahada ipo ukutani sebuleni, ndani ya fremu. Tunajua dozi za dawa, tunajua chanjo za mtoto kwa mpangilio wake. Lakini juu ya ua tulioupanda kwa mikono yetu kuzunguka shule ya Jumapili, hatukujua.

Yule bibi mzee wa kikundi chetu, mzaliwa wa Mvumi, ambaye siku ya kupanda ua alikuwa nyumbani akiumwa miguu, aliposikia alitikisa kichwa akasema: “Mngeniuliza. Sisi tunajua tangu utoto kwamba mbegu ile inaendesha tumbo.”

Elimu ipo, lakini haijafika uani

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: mama wa Dodoma anayetaka kupanda mti, amuulize nani? Jirani yake huenda amehamia mwaka jana. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu zaidi ya 410,000 katika mji huu. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 765,000. Tangu serikali ihamie hapa, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, viwanja vipya vimejaa familia zilizotoka Bukoba, Moshi, Mbeya na kwingineko. Mama wa Bukoba anataka mgomba nyuma ya nyumba kama kwao. Mama wa Rungwe anataka mparachichi. Ni wanawake hodari wa shamba, lakini ujuzi wao ni wa nchi ya mvua. Wanapanda, mti unakufa, wanakata tamaa, na uani kunabaki vumbi.

Si kwamba hakuna yaliyoandikwa. Mwaka 1994 kilitolewa kitabu kikubwa cha miti na vichaka vyenye manufaa Tanzania, kilichoandikwa na Mbuya, Msanga na Ruffo pamoja na Ann Birnie na Bo Tengnäs. Kila mti umechorwa, umeelezwa unapoota, namna ya kuotesha mbegu zake na matumizi yake, na majina yake katika lugha nyingi za makabila yetu yameandikwa. Ni kazi ya thamani, na ilifanyika kwa msaada wa Sweden kupitia shirika lake la SIDA. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, kinahusu nchi nzima, na kiliandikwa hasa kwa ajili ya wakulima na wafugaji. Hakikukusudiwa kumwambia mama mwenye kiwanja kidogo mjini apande nini kati ya shimo la choo, bomba la maji na waya wa umeme.

Ndiyo maana tukaamua kuandika barua. Tunaomba jiji letu litafute ruzuku ya kutengeneza mwongozo mdogo wa kupanda miti Dodoma, kwa Kiswahili chepesi, wenye picha, wa bei ambayo mama anaweza kuimudu au wa kugawiwa bure kliniki, shuleni, kanisani na msikitini.

“Kitabu hakitoi kivuli”

Hatukukubaliana wote. Tulipokutana kusoma rasimu ya barua, yule bibi alisimama akasema maneno ambayo hatutayasahau: “Wanangu, kitabu hakitoi kivuli. Kama kuna fedha, ziende kwenye miche na maji. Watu hapa wanahitaji miti, ninyi mnataka karatasi.” Akina mama kadhaa walimpigia makofi. Na tukubali, hoja yake si nyepesi. Maji ya mji huu hutegemea sana visima vya Mzakwe, na mama anayenunua ndoo ya maji hana muda wa kusoma juu ya mizizi.

Tulimjibu kwa heshima kwa hesabu yetu wenyewe. Miche 180 kwa shilingi 500 ni shilingi 90,000. Iliyopona ni kumi na mmoja. Kwa hiyo kila mti uliopona ulitugharimu zaidi ya shilingi 8,000, bila kuhesabu maji na jasho. Laiti tungekuwa na ukurasa mmoja tu unaosema “Dodoma panda Desemba na Januari”, tungeokoa sehemu kubwa ya fedha hiyo. Laiti tungekuwa na mstari mmoja tu juu ya mbono, mtoto asingelala wodini. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anatukumbusha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi chini akahesabu gharama. Kuketi chini ni sehemu ya kujenga.

Bibi alikaa kimya, kisha akauliza: “Na huyo wa kuandika ataijulia wapi miti ya hapa?” Hapo ndipo sote tulipoelewa kwamba hakuwa akipinga kitabu. Alikuwa akipinga kitabu kisichomuuliza mtu. Tukamwambia: “Kwako, bibi.” Akacheka, akasema: “Basi andikeni. Lakini mje mapema, kabla sijafumba macho.” Sharti hilo tumeliweka katika barua kama aya ya pili: kwamba wazee wa Kigogo wahojiwe, majina ya miti katika lugha yao yaandikwe, na afisa misitu akae nao chini ya mti badala ya kuwaita ofisini.

Ruzuku ni nini?

Akina mama wengi hulichanganya neno hili na mkopo. Mkopo hurudishwa, tena na riba mara nyingi. Ruzuku hairudishwi, lakini si zawadi ya sikukuu. Mtoaji anakupa kwa kazi uliyoieleza, na baadaye anataka kuona kazi hiyo na hesabu zake. Hapa Tanzania upo Mfuko wa Misitu, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambao hutoa ruzuku kwa kazi za kuhifadhi na kuendeleza misitu. Yapo pia mashirika ya nje na taasisi za dini.

Miji mingine imethubutu. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ulipatwa na maporomoko ya udongo Agosti 2017 yaliyoua watu zaidi ya elfu moja. Milima iliyouzunguka ilikuwa imekatwa miti. Mwaka 2020 mji huo, chini ya meya wake mwanamke, Yvonne Aki-Sawyerr, ulianza mpango wa kupanda miti milioni moja, ambapo wakazi hulipwa kwa kuitunza na kila mti hufuatiliwa kama umepona. Mwaka 2022 mpango huo ulikuwa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Bloomberg ya mameya, na mji ukapata dola milioni moja. Kilichowavutia watoaji, kwa maoni yetu, ni ule uangalizi wa mti baada ya kupandwa.

Jambo hilo hilo alilijua marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya, akina mama wa vijijini walipewa fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Hawakulipwa kwa mche uliochomekwa tu. Mtu akijua atahesabiwa waliopona, anachimba shimo kwa namna nyingine.

Anayetoa ruzuku huuliza maswali ambayo hata sisi kanisani tungefaa kuulizana: Mnataka kufanya nini hasa? Kwa ajili ya nani? Itagharimu kiasi gani, na kila shilingi itakwenda wapi? Itachukua muda gani? Na mtajuaje kwamba imefanikiwa? Swali la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Katika barua yetu tulijibu hivi: baada ya mwaka mmoja, wahesabu miche hai katika nyumba mia moja zilizopewa mwongozo na nyumba mia moja zisizopewa. Hesabu hiyo akina mama wenyewe wanaweza kuifanya.

Tuliyoomba yawemo

Tumeomba mwongozo ueleze mambo matano kwa kila mti: jina lake la Kiswahili na la Kigogo, wakati wa kupanda, mahali pa kupanda, kiasi cha maji, na hatari yake. Tutoe mifano michache.

Mwarobaini huvumilia ukame na kivuli chake ni kizito. Lakini mizizi yake ina nguvu, usiuweke karibu na shimo la choo wala tangi la maji. Mkwaju hukua polepole na kutanuka sana, unafaa kiwanja cha kanisa au shule, si kiwanja kidogo. Mkrismasi, ule wa maua mekundu, unapendeza, lakini mizizi yake hupita juu juu na kuinua sakafu, na matawi yake hukatika kwa upepo. Mjohoro ni mzuri kwa kuni na kivuli, ila majani na maganda yake ni sumu kwa nguruwe. Mlonge hukua haraka, haunyimi jua, na majani yake ni mboga yenye vitamini A. Mpapai huzaa mapema, na maji ya kuoshea mboga yatausaidia. Chini ya waya za umeme usipande mti mrefu wa aina yoyote. Kwa miti mikubwa, pima walau hatua kumi za mtu mzima kutoka ukutani.

Miti ya kuangalia kwa makini

Hapa tunazungumza kama wauguzi, na tunaomba ukurasa huu uukate uubandike jikoni.

Mbono kaburi: mbegu husababisha kutapika na kuharisha kwa nguvu.

Mnyaa, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza na unaweza kuharibu uoni. Osha jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano au zaidi, kisha nenda hospitali. Usitie maziwa ya mama wala mafuta.

Mti mdogo wa ua wenye majani membamba marefu na maua ya manjano kama kengele, ambao tunda lake lina kokwa ngumu ndani: ni sumu ya moyo, na mbegu chache zinaweza kumuua mtoto. Kama unao uani na una watoto wadogo, tunakushauri uung'oe leo.

Mwarobaini, pamoja na sifa zake zote: mafuta ya mbegu zake usimnyweshe mtoto kamwe. Yamesababisha degedege na vifo kwa watoto wachanga. Mama mjamzito naye aache kunywa dawa zake.

Mtoto akila mbegu usiyoijua, mtoe mabaki mdomoni, usimtapishe, usimpe maji ya chumvi. Chukua tawi au tunda la mti huo uende nalo hospitali, ili daktari ajue. Akiwa anatapika na kuharisha lakini yuko macho, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yale ya hospitali, kidogo kidogo njiani.

Na wale wanaosema miti huleta malaria: mbu hazaliwi katika mti, huzaliwa katika maji yaliyotuama. Ukimwagilia, usiache maji yakakaa katika kopo au shimo kwa wiki nzima.

Wakati tukisubiri

Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Jibu halijaja. Hatukai tumekunja mikono, kwani Novemba haisubiri barua. Haya ndiyo tunayofanya katika kikundi chetu:

1. Tunachimba mashimo Novemba, kabla ya mvua, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu tunauweka peke yake.

2. Udongo huo wa juu tunauchanganya na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi.

3. Tunapanda ardhi ikishaloa vizuri, Desemba au Januari, wakati wa jioni.

4. Tunachana kiriba kwa wembe na kukiondoa chote. Mwaka ule wa kwanza tulifukua miche iliyokufa tukakuta mingine bado imo ndani ya viriba vyake, mizizi imejisokota kama nywele zisizochanwa.

5. Tunatengeneza kisahani cha udongo kuzunguka mche na kutandika mawe madogo. Nyasi kavu ni nzuri kwingine, lakini hapa kwetu huwaita mchwa.

6. Kiangazi tunatoa ndoo moja ya lita 20 mara moja kwa wiki, polepole, hadi izame. Kikombe kimoja kila siku hulowesha uso tu, na mizizi hubaki juu ikitafuta unyevu.

7. Ua ni wa miiba mikavu. Mbono tuliung'oa wote, na mama wa yule mtoto ndiye aliyeng'oa wa kwanza.

8. Kila mti una mama yake na mtoto mmoja wa shule ya Jumapili. Mvulana yule naye ana mti wake. Alichagua mlonge, kwa sababu alisikia unaliwa.

Kati ya miche arobaini ya mwaka 2017, leo ishirini na sita imesimama. Tunamshukuru Mungu kwa hiyo, na tunaikumbuka kumi na minne iliyotufundisha.

Neno la kufunga

Katika Mwanzo 21 Biblia yetu ya Kiswahili inasema Ibrahimu alipanda mkwaju kule Beer-sheba, akaliitia hapo jina la Bwana. Alikuwa mzee, naye alijua kwamba kivuli chake kitawafaa wengine. Beer-sheba nayo ni nchi kame kama kwetu. Tunapenda kuamini kwamba kabla ya kupanda, mzee yule aliwauliza wenyeji wake juu ya visima na mvua.

Mama msomaji, mwezi huu tunakupa kazi ndogo. Katika mkutano wenu wa akina mama, zungumzeni maswali haya: Ni miti gani iliyozunguka nyumba zetu na kanisa letu, na je, tunajua hatari zake? Mvua ya kwetu huanza lini na kuisha lini? Nani mzee kati yetu anayeijua miti ya asili, na ni lini mara ya mwisho tulimuuliza? Na je, halmashauri yetu ina mwongozo ambao mama wa kawaida anaweza kuusoma? Kama hauna, andikeni barua. Ukurasa mmoja unatosha. Wekeni majina yenu na saini zenu, na nakala mbaki nayo.

Ee Mungu uliyeotesha bustani, utusamehe kwa yale tuliyoyapanda bila kujua. Utupe unyenyekevu wa kuuliza, na uwalinde watoto wetu wanaocheza chini ya kazi ya mikono yetu. Amina.

Hadi mwezi ujao, tubaki katika amani yake.